Kicheko cha Siku ya Kumi na Tisa

Shirimatunda, Moshi
Jumapili, 9 Juni 2024

Baba,

Shikamoo.

Naandika kwa sababu kwenye simu tunapandishiana sauti, halafu unakata. Karatasi hii atakuletea Hellen, yule anayeshusha ndizi sokoni. Nimemwomba akukabidhi mkononi.

Aliyekwambia hakukudanganya. Alhamisi, siku ya kumi na tisa tangu tumzike Kindness, nilikuwa kwa Fredy, kwenye banda lake la gemu, nimeshika pedi ya kuchezea, nacheka mpaka machozi. Veronika, jirani yenu, alipita akanisalimia, na najua ndiye aliyepanda Kibosho na habari. Ukanipigia, ukasema nimeitia familia aibu, dada mzima anacheka kwenye mabanda ya wahuni na udongo wa mdogo wake haujakauka. Ukakata kabla sijasema nilichokuwa nacheka. Nasema sasa.

Unajua Kindness akiwa likizo alikuwa anakaa kwangu hapa. Mimi nikiwa kwenye cherehani, yeye yuko kwa Fredy. Kwenye ile gemu ya mpira aliunda timu yake akaiita Migomba FC, na wachezaji wote akawapa majina ya watu wa nyumbani. Golikipa ni wewe. Beki wa kati ni Shangazi Martha. Mshambuliaji ni marehemu mama, namba tisa, na ndiye anayefunga kuliko wote. Fredy hajaifuta timu ile. Alhamisi aliniwashia, akaniambia msimu wa Kindness umebakiza mechi nne, nimmalizie. Dakika ya themanini Shangazi Martha akapiga penati, mpira ukapaa juu ya goli, akashika kiuno vilevile anavyoshika kiuno akikuta ng'ombe kaingia kwenye maharage. Nikacheka. Vijana wote mle ndani wakacheka, kisha mmoja akatoka nje akaenda kulia ukutani, naye ni mtu na ndevu zake.

Hicho ndicho kicheko kilichokutia aibu.

Mimi nimeona aibu nyingine, na hiyo haitajwi na mtu. Mtoto wa miaka kumi na sita anaondoka nyumbani mzima, na sanduku lake na ndoo yake, anarudi kwenye jeneza, na watu wazima wanasema ni kazi ya Mungu huku wanaendelea kula wali. Nilikuuliza pale msibani daktari alisema nini, ukaniambia nikasaidie kuosha vyombo.

Naomba mambo mawili. Niambie alikufa kwa nini. Na unipe madaftari yake ya katuni yaliyorudi kwenye sanduku la shule. Huenda hukuwahi kuyafungua, kwa hiyo nakueleza: ni hadithi ya msichana anayekaa kwenye mfongo, mfereji wetu wa juu, na maji yanamletea kila neno lililosemwa huko yanakotoka. Waongo wote wanamwogopa. Kindness alikuwa amefikia sehemu ya saba, na aliniahidi niwe wa kwanza kuisoma.

Ni mimi mwanao,
Zita


Kibosho
14 Juni 2024

Zita mwanangu,

Marahaba. Barua nimeipata. Huku tunaendelea, kahawa za kwanza zimeanza kuiva, shangazi yako Martha anasumbuliwa na goti.

Unaniuliza kama askari. Mimi nitakujibu kama baba. Mdogo wako aliugua ghafla, malaria ikampanda kichwani. Walimu walimkimbiza hospitali, ikashindikana. Mkuu wa shule alikuja mwenyewe na basi la wanafunzi, walitoa jeneza, waliimba vizuri. Wapo wanaofiwa bila hata mtu wa kushika beleshi. Sisi tuliheshimiwa, na heshima hiyo sitaki ichafuliwe na maneno ya barazani.

Kuhusu gemu, mimi sijui timu wala penati. Ninachojua ni kwamba mama yenu alipofariki nilikaa siku arobaini bila kuwasha redio. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa kulia. Kama nyinyi mnalia kwa kucheka, mjue sisi wazee hatuoni machozi, tunaona meno tu.

Madaftari nimeyafungia kabatini na sitayatoa. Hayo ndiyo yaliyomponza mwenzio, sitaki yakuponze na wewe.

Jumapili kuna misa ya kumwombea. Njoo, na uvae khanga.

Baba yako,
Filemon


Shirimatunda
Jumatatu, 17 Juni 2024

Baba,

Shikamoo.

Jana kanisani ulikaa benchi la mbele na hukugeuka hata mara moja. Baada ya misa ukatokea mlango wa nyuma. Nimeelewa kwamba hukutaka tukutane, kwa hiyo narudi kwenye karatasi.

Uliandika kwamba madaftari "ndiyo yaliyomponza". Nimeisoma sentensi hiyo mara ishirini. Malaria haimtafuti mtu kwa sababu anachora.

Juzi Jumamosi alikuja msichana kwa Fredy akiniulizia. Anaitwa Gladys, alikuwa darasa moja na Kindness, na vitanda vyao bwenini vilikuwa jirani. Shule zimefunga, ndiyo maana aliweza kuja. Alikataa kukaa. Fredy akazima sauti za gemu zote, na vijana wakatoka nje bila kuambiwa.

Alinieleza hivi. Sehemu ya saba ya katuni ilikuwa inazunguka bwenini, inasomwa na kila mtu. Ndani yake maji yanamletea yule msichana habari ya mwalimu anayepakia maharage na mafuta ya wanafunzi kwenye gari lake. Kindness hakuandika jina. Alichora tu koti na pengo la meno, na shule nzima ikamjua mwalimu wa nidhamu, kwa kuwa shule nzima ilikuwa imemwona akipakia. Jumatatu asubuhi, mstarini, mwalimu huyo akamwita mbele, daftari mkononi. Akamlaza chini. Walimu wengine wawili wakamshika mikono na miguu.

"Tulihesabu mpaka thelathini na saba," Gladys aliniambia. "Halafu tukaacha kuhesabu, kwa sababu yeye alikuwa ameacha kulia."

Baada ya fimbo yakafuata mateke ya ubavuni. Kisha wakamfungia kwenye stoo ya majembe mpaka jioni. Siku mbili Kindness alitapika na kukojoa mkojo wa rangi ya kahawa. Gladys alikwenda kwa matroni mara tatu, na mara ya tatu naye akachapwa. Alhamisi ndipo walipompakia kwenye gari kumpeleka hospitali. Ni lile lile gari la maharage, Baba.

Sheria inaruhusu viboko vinne, na viandikwe kitabuni. Hiyo haikuwa adhabu. Mtu mzima aliyekamatwa na wizi alimuua shahidi wake, na shahidi alikuwa na penseli tu.

Nauliza jambo moja. Shangazi Martha ndiye aliyemvalisha. Mgongo wa mtoto aliuona. Wewe uliuona?

Zita


Kibosho
2 Julai 2024

Zita,

Nimechelewa kujibu. Hellen amepita hapa mara nne akiniuliza kama nina mzigo wa kutuma, nikamwambia hapana.

Niliuona. Martha aliniita pale chumba cha maiti, akasema, "Kaka, njoo uone, usije ukasema sikukwambia." Niliona kuanzia mabegani hadi magotini. Nikamwambia amfunike, amvalishe lile gauni refu la kipaimara.

Siku hiyo hiyo mkuu wa shule aliniita ofisini. Alikuwa na karatasi iliyokwisha kuchapwa. Ilisema marehemu alikuwa na ugonjwa wa siku nyingi, familia imeridhika na haitaki mwili uchunguzwe. Alinieleza kwa upole kwamba nikikataa, mwili utakaa huko wiki mbili au tatu, watampasua, na magazeti yataandika kwamba binti yangu alikuwa mtukana walimu. Mimi nilitaka kumzika Jumamosi ile, kando ya mama yake, kihambani kwetu chini ya migomba. Nikasaini.

Sasa umejua. Usimwambie mtu. Gladys ni mtoto na ana masomo ya kumaliza pale. Na wewe unaishi peke yako mjini, na wale ni watu wanaojuana na wakubwa.

Baba yako


Shirimatunda
Alhamisi, 4 Julai 2024

Baba,

Sikuanza na shikamoo kwa sababu leo haitoki.

Ulisimama kando ya mtoto wako, ukaona alichofanyiwa, ukatafuta gauni la kuficha. Halafu kabla mwezi haujapita ukapata nguvu ya kunipigia simu kwamba kicheko changu kinaleta aibu. Nguvu hiyo ungempigia nayo mwalimu. Gladys anasema wiki ya mazishi yule mwalimu alikuwa kantini anakunywa chai na kusimulia vichekesho. Hakuna mzee aliyekwenda kumwambia avae khanga.

Mnatutaka sisi vijana tuhuzunike kwa adabu. Tukae chini, tuinamishe vichwa, tusiguse gemu, tusichore, tusiseme kitu, na tukishakaa kimya vya kutosha mseme kweli hawa wamelelewa. Ukimya huo ndio aliotegemea mwalimu.

Na ndiyo, jana nilicheza tena. Nimemaliza mechi zote nne za Kindness. Migomba FC imeshika nafasi ya pili, na mama amefunga mabao thelathini na moja. Nitaendelea kwenda. Banda lile unaloliita la wahuni ndiyo sehemu pekee Moshi nzima ambako jina la Kindness linatajwa bila watu kushusha sauti. Wanabishana juu ya mabao yake. Wanasoma nakala za zile sehemu sita alizoniachia Kindness, wanagombania ukurasa, wanacheka panapochekesha, na mtu akilia hakuna anayemwuliza. Sijui matanga gani mengine ningetaka.

Oda niliyokuwa nashona ya sketi za shule ile nimeirudisha, vitambaa vyote, hata vile nilivyokwisha kukata.

Jana asubuhi nilikwenda polisi na Gladys, pamoja na mama yake, Hilaria. Yule mama hakuomba asitajwe jina. Askari wa kike wa dawati la jinsia na watoto alituandikia maelezo kwa saa tatu. Amesema ili kaburi lifukuliwe inahitajika amri ya mahakama, na kwamba mzazi aliyesaini aje aseme mwenyewe alisaini nini na kwa nini. Bila wewe, tuna maneno ya mwanafunzi mmoja mbele ya karatasi yenye jina lako.

Mtoto wa watu amethubutu. Nangoja nione baba yake Kindness.

Zita


Kibosho
13 Julai 2024

Zita mwanangu,

Barua yako haikuwa na shikamoo, na sikuitegemea.

Jumatano nilifungua kabati. Nakwambia ukweli, nilitaka kuyachoma yale madaftari, moto ulikuwa umeshawaka jikoni. Nikasema niangalie kwanza ninachochoma. Sijawahi kusoma katuni. Sikujua unaanzia kiboksi kipi, nikawa naenda mbele narudi nyuma. Kwenye sehemu ya tatu kuna mzee anayelinda kahawa aliyoianika. Anawahutubia kuku kama diwani, nao wamejipanga mstari wanamsikiliza, na mmoja ameinua mguu anataka kuuliza swali. Ni mimi yule. Kofia ni yangu na kidole ni changu. Nilicheka, Zita. Nilicheka peke yangu mpaka Martha akaja mbio na goti lake bovu akidhani nimerukwa na akili. Nikamwonyesha, akacheka naye, kisha tukakaa chini wote wawili tukashindwa kuinuka. Tangu tumzike sikuwa nimelia. Sasa najua ulichokuwa unafanya kwa Fredy. Maneno yangu ya kwenye simu nakuomba radhi.

Lakini kuna jambo sikukuandikia.

Mwezi wa pili palikuwa na mkutano wa wazazi. Mwalimu yule alisimama akalalamika kwamba watoto wanapotea kwa michoro na magemu, akamtaja Kindness kwa jina. Nikaona haya mbele ya wenzangu. Nikanyanyuka nikasema, "Mwalimu, ukimkuta tena na hayo madaftari, mchape. Mimi baba yake nimekupa ruhusa." Wazazi wakanipigia makofi. Nilirudi nyumbani natembea kifua mbele.

Kwa hiyo mkuu wa shule hakuhitaji kunitisha sana siku ile ofisini. Alinikumbusha tu maneno yangu, akasema yapo kwenye kumbukumbu za mkutano. Nikachukua kalamu. Nilikuandikia kwamba nilisaini ili tumzike Jumamosi. Haikuwa hivyo. Nilisaini ili wewe usijue.

Jumanne nitashuka na gari la kwanza. Nipeleke kwa huyo askari. Nitayasema yote mawili, saini na ruhusa. Madaftari nakuletea, yote saba. Sehemu ya saba haikurudi kwenye sanduku. Mkuu wa shule alinipa mkononi siku ile, kama onyo. Ina alama ya kiatu kwenye jalada. Usiifute.

Filemon


Shirimatunda
Jumapili, 11 Agosti 2024

Baba,

Naandika ingawa tulikuwa wote kihambani Jumatano walipofukua, kwa sababu pale hatukusemezana.

Yule askari amenipigia. Mbavu nne zimevunjika. Na faili la hospitali, ambalo siku zote hizo hakuna mtu aliyeliulizia, linasema figo zilishindwa kufanya kazi kwa sababu ya kipigo. Neno malaria halimo popote. Mwalimu wa nidhamu amekamatwa, na kesho kutwa atafikishwa mahakamani. Usifurahi mapema. Wale wawili walioshika mikono na miguu wamehamishiwa shule nyingine, huko nako kuna watoto. Mkuu wa shule yuko kwenye kiti chake na amewatangazia wanafunzi kwamba lilikuwa tukio la bahati mbaya.

Uliniuliza tukiwa kwenye benchi la polisi kama nimekusamehe. Bado. Naogopa nikisema haraka nitakuwa nimesaini karatasi kama yako. Niliposikia ukiirudia ile ruhusa mbele ya askari nilitoka nje, nikamwegemea Hilaria. Sijui nitakusamehe lini, na nakuomba usiniulize tena mpaka nitakapokwambia mwenyewe.

Lakini nakwambia kinachonikereketa zaidi. Ruhusa uliitoa mbele ya watu. Kuikana umeikana chumbani, mbele ya askari mmoja na mimi. Wale waliokupigia makofi bado wanaamini ulichowaambia mwezi wa pili, na watoto wao wanarudi bwenini na ruhusa hiyo hiyo migongoni.

Sehemu ya saba nimeisoma. Nimeisoma kwa Fredy, kwa sauti, na watu walijaa mpaka mlangoni. Inachekesha kuliko zote. Mwalimu anateleza kwenye maharage yake mwenyewe. Tulicheka, Baba, na sitamwomba radhi mtu yeyote.

Zita


Kibosho
22 Septemba 2024

Zita mwanangu,

Jana palikuwa na mkutano wa wazazi pale shuleni. Mimi si mzazi wa pale tena, na mlinzi alinikumbusha hivyo getini. Hilaria akamwambia nimekuja naye, tukapita.

Mkuu wa shule alizungumza sana juu ya ufaulu na paa jipya la bwalo. Mwishoni akasema tusikubali tukio moja livunje nidhamu iliyojengwa kwa miaka mingi. Nikanyoosha mkono. Aliniona, akageukia upande mwingine. Nikasimama bila kupewa nafasi.

Nilisema hivi: "Mimi ni Filemon, baba yake Kindness. Mwezi wa pili nilisimama hapa hapa nikampa mwalimu ruhusa ya kumchapa mwanangu, na ninyi mkanipigia makofi. Aliitumia. Mgongo niliuona. Leo naiondoa ruhusa hiyo, ingawa hakuna tena mtoto wa kuiondolea."

Kisha baba mmoja wa benchi la nyuma akasema kwamba sisi sote tumekula fimbo na tumekuwa watu, nisilete fujo kwenye shule ya wenzangu. Wengine wakaguna kumuunga mkono, wengi tu. Nikamwuliza mwanawe anaitwa nani. Akasita, akasema ni Godwin, yuko kidato cha kwanza. Nikamwambia aniangalie vizuri, kwa sababu mwezi wa pili nami nilikaa benchi lile lile na niliongea vilevile.

Hilaria akasimama. Akasema, "Gladys, kidato cha tatu. Mimi mama yake naondoa ya kwangu." Akafuata mama mwingine nisiyemjua. Akafuata babu mmoja aliyeshikilia bega la jirani ili ainuke, akataja wajukuu wawili.

Mkuu wa shule akatangaza mkutano umefungwa na chai iko tayari bwaloni. Akakusanya karatasi zake, akatoka. Yule baba wa nyuma hakusimama kusema kitu, lakini chai hakwenda. Hakuna aliyekwenda. Tulibaki mle ndani, wakawa wanainuka mmoja baada ya mwingine, na kila mtu alianza kwa kutaja jina la mtoto wake.

Baba yenu,
Filemon